Wapenzi wa Kusukumwa

Sura ya Sita

Dereva alikuwa amenishika mkono tangu msukumaji wetu alipokwenda kunywa kahawa, na mimi nilikuwa najifanya sijaona. Mkono ni wangu mwenyewe, nausikia unavyopata joto pale pembeni ya kiti, lakini macho nimeyaelekeza kwenye skrini kubwa ya safari za ndege kama mtu anayesoma. Sisomi chochote. Majina ya miji pale yanapita mbio, na kabla sijamaliza herufi ya nne, ubao mzima umeshabadilika.

"Unasoma nini?" akaniuliza.

"Ndege yangu."

"Imeandikwaje?"

"Imeandikwa uniachie mkono."

Akaitazama skrini kwa makini, amekunja uso kama mkaguzi. "Mimi naona imeandikwa niushike vizuri zaidi."

Akaushika vizuri zaidi.

Tulikuwa kwenye uwanja ule mkubwa wa ndege, ambao kila anayekwenda mbali lazima aupitie abadilishe ndege. Si kwao mtu yeyote, hata wanaofanya kazi pale wanaonekana kama nao wanasubiri kuondoka. Nyuma ya duka la manukato kuna kona, na katika kona hiyo wanapanga viti vya magurudumu, na kwenye viti hivyo wanatupanga sisi. Wazee wa kila namna, kila mmoja na kipochi shingoni chenye pasi yake, kama watoto wa chekechea walioandikiwa majina wasije wakachukuliwa na mama wengine.

Wengi wetu tunatembea vizuri tu. Mimi nilikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka nikastaafu, na lipo sufuria jikoni kwetu lililokuwa likikimbiwa na wanaume, nikaliteremsha mimi. Lakini watoto wetu wakitukatia tiketi wanajaza kwamba hatuwezi kutembea. Sababu wanayo: lugha za huko hatuzijui, uwanja una milango kama mzinga wa nyuki, na mtu anayesukumwa hapotei. Sanduku linafungwa lebo, mzee anapewa msukumaji.

Ndivyo nilivyokutana na Dereva. Msukumaji wa siku ile aliniacha kwenye sakafu yenye mteremko mdogo akasahau kufunga breki. Nikaanza kwenda. Taratibu, kwa heshima zote, kama bibi harusi, nikielekea kwenye mnara wa chupa za manukato. Nikasikia sauti ya mwanamume, kwa Kiswahili: "Breki, mama. Vuta breki."

"Iko wapi?" nikamjibu, huku nazidi kwenda.

Akanyoosha mguu, kiti changu kikagonga kiatu chake, kikasimama. Naye alikuwa amekaa kwenye kiti kama changu. Akaniambia ameendesha treni maisha yake yote na hajawahi kuona inayoondoka kituoni kimya kimya namna ile.

Tangu siku hiyo tukawa tunaonana shule zikifungwa na zikifunguliwa. Mwanangu wa kiume anaishi nchi moja na binti yangu nchi nyingine, na wajukuu wanapokaa nyumbani, bibi anahitajika. Napelekwa kwa huyu, narudishwa kwa yule. Dereva naye wanawe wanamgawana hivyo hivyo. Mwanawe mmoja alipotaka kumkatia tiketi ya wiki nyingine, Dereva aliugua mgongo ghafla, akaugua kwa bidii, mpaka tarehe zake zikalingana na zangu.

Lakini safari hii ilikuwa ya mwisho. Mjukuu mdogo wa kwa binti yangu ameanza shule ya kutwa nzima, na mwanangu wa kiume amesema basi sasa inatosha. "Mama, safari zinakuchosha. Utatulia kwangu moja kwa moja." Kutulia. Neno lenyewe linatamkwa kwa upendo hivyo, utalikataaje.

Ndiyo maana Dereva, mkono wangu ukiwa bado kwake, aliuliza swali nililojua linakuja.

"Umewaambia?"

Mara iliyopita tuliachana nikiwa nimempa ahadi. Tutakapoonana tena, watoto wangu watakuwa wanajua kwamba mama yao ana mchumba na anataka kuolewa.

"Binti nimemwambia," nikasema.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia uwanjani kuna mzee mmoja anazijua sana treni."

Akaniangalia kwa upande. "Ndivyo ulivyonitambulisha?"

"Huo ni mwanzo."

"Naye akasemaje?"

"Akasema afadhali nimepata wa kupiga naye stori."

"Stori," akasema Dereva polepole, kama mtu anayetafuna kitu kisicho na chumvi. "Mimi nimelala chali kwa mgongo wa uongo, nimepakwa dawa zinazonuka, kwa ajili ya stori. Na mwanao wa kiume?"

"Yule ana kazi nyingi."

"Bibie."

"Ana kazi nyingi kweli. Hata akila anapigiwa simu."

"Bibie, ukipanda ile ndege leo, hupiti tena hapa. Nani atamwambia? Nimwambie mimi? Namba yake sina. Namba yako mwenyewe huijui."

Hapo alisema kweli. Kila nchi wananibadilishia laini, naye vivyo hivyo, na nikiikariri namba, siku hiyo ndiyo naondoka. Simu yenyewe ninayo, lakini ni kama mkwe: ipo ndani ya nyumba na sijui inawaza nini.

"Huko unakokwenda kutulia," akaendelea, "kukoje? Siku zote unaniambia kuna baridi, basi."

"Nyumba nzuri," nikasema. "Friji ukichelewa kulifunga linapiga kelele kama limeibiwa. Kuna mwanamke anakaa ndani ya spika, hana mwili, wajukuu wakimwamrisha awashe muziki anawasha. Mimi nikimsalimia anasema hajaelewa. Asubuhi wote wanatoka, wa kazini kazini, wa shule shule. Majirani husikii hata kikohozi. Na jua la huko, msimu wa baridi, linaondoka mchana mchana kama mfanyakazi mvivu."

"Kwa hiyo unawasha taa."

"Taa haziwashwi. Zinajiwasha zenyewe mtu akiingia, na mtu akitulia zinajizima. Mimi nikikaa kwenye kochi kidogo tu, giza. Taa inadhani sipo. Napunga mkono hivi, inawaka. Nashona kifungo, inazima. Napunga tena. Siku nzima nipo pale namuaga mtu asiyekuwepo."

Hadithi hii nimewachekesha nayo watu wengi. Binti yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Dereva hakucheka.

"Tungekuwa wawili," akasema, "tungepokezana. Wewe ukisinzia, ningepunga mimi."

Mwenzangu unayesoma, nimekaa na marehemu mume wangu miaka mingi, mtu mwema, hakunipiga wala hakuninyima, na hakuwahi kuniambia neno likaniingia hapa chini ya mbavu kama lile. Ilibidi niyaangalie manukato kwa muda mrefu.

"Simama," akasema.

"Nini tena?"

"Simama nikuone. Tangu nikujue umekaa. Nimemchumbia mwanamke sijui urefu wake."

Kweli kabisa. Na mimi wa kwake sikuujua. Tulipendana makalio yakiwa kitini. Tukachungulia kushoto, tukachungulia kulia, kama wanafunzi waliokuja jikoni kwangu kuiba sukari, tukasimama.

Alinifikia sikioni.

Akainua uso kunitazama, akainua tena. "Kumbe nimemchumbia mnara."

"Na mimi kumbe nimechumbiwa na kigoda."

Alikuwa amevaa suruali yenye mkunjo wa pasi ulionyooka kama reli, na nilijua amepiga pasi mwenyewe, maana mkunjo wa mguu mmoja ulikuwa umekwenda pembeni kidogo. Akasogea. Faida ya mwanamume wa kimo kile ni kwamba akitaka kukunong'oneza hana haja ya kuinama, mdomo wake umeshafika. Aliyoninong'oneza ni neno moja tu.

"Usiende."

Sikupata nafasi ya kumjibu. Msichana msukumaji alikuja mbio, kikombe cha kahawa mkononi, uso umempauka kana kwamba ameona maiti mbili zimeamka. Akatoa simu yake, akaisemesha kwa lugha yake, na simu ikatusemesha Kiswahili, kwa sauti nzito ya mwanamume anayetangaza habari za msiba.

"Bibi mpendwa. Tafadhali rudi katika kukaa. Wewe hauwezi kutembea."

Nikaiinamia simu. "Mbona nimesimama."

Simu ikamtafsiria. Msichana akaitazama kadi yangu ya ndege, akatikisa kichwa kwa huruma, akaongea tena.

"Mfumo unasema hapana."

Akanishika mabega akanikalisha, akanifunika blanketi magotini, akanichomekea pembeni lisianguke. Dereva naye akakalishwa. Halafu akatupa biskuti kila mmoja na yake, akaenda kumfuata mzee mwingine. Hicho ndicho kinachonishinda katika dunia hii ya sasa: hakuna wa kugombana naye. Kila anayenizuia ananizuia kwa upole, na mimi nimelelewa kusema asante.

"Mpigie," akasema Dereva. Hakuwa anatania tena. "Mpigie mwanao sasa hivi, niko hapa."

Nikaitoa simu. Ili ifunguke inataka iuone uso wangu, na siku nyingine inaukubali, siku nyingine inaukataa. Nikiwa nimevua meno ya bandia hainitambui kabisa. Leo ilinikubali mara ya kwanza, nadhani na yenyewe ilikuwa na hamu ya kujua.

Mwanangu akapokea kwa picha. Alikuwa ndani ya gari lililoegeshwa, amefunga tai, nyuma yake ukuta wa ofisi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Umefika salama? Mama, unanionyesha dari."

"Lao zuri, la vioo."

"Shusha simu kidogo. Kidogo tena. Sasa naona... mama, hilo ni sikio la nani?"

Dereva alikuwa ameegemea ili asikie. "La Dereva," nikasema.

"Dereva gani? Wewe si uko ndani unasubiri? Nani kakuitia teksi?"

"Si wa teksi, wa treni."

"Mama, usipande treni yoyote. Kaa hapo hapo, wasukumaji watakuja."

"Nimekaa, mwanangu. Nimekaa kuliko ninavyotaka. Sasa nisikilize. Huyu mzee tunafahamiana siku nyingi. Anataka kunioa. Na mimi nataka."

Nilidhani picha imeganda, maana huwa zinaganda hivyo, mtu kaacha mdomo wazi. Haikuwa imeganda. Nyuma yake niliona mtu akipita na mwavuli.

"Mama, umekunywa dawa ya presha?"

"Nimekunywa."

"Umekula?"

"Nimekula. Na nimesikia vizuri nilichosema."

"Sijasema hujasikia." Akalegeza tai. "Lakini mama... kuolewa? Sasa hivi? Mtu wa uwanja wa ndege? Watu watasemaje? Wajukuu zako nitawaambia nini?"

"Waambie bibi anaolewa. Wataulizia keki."

Hakucheka. Zamani alikuwa anacheka huyu mtoto. "Mama, mimi sikukatazi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya taratibu, ile ya daktari kabla ya sindano. "Sikukatazi kabisa. Wewe njoo, upumzike, tutalizungumza vizuri."

"Nikishafika huko, yeye atakuwa wapi?"

"Tutalizungumza, mama."

"Nimepumzika tangu nistaafu, baba. Zungumza na mimi sasa, nipo macho."

Akajipangusa uso kwa kiganja chote, kama baba yake alivyokuwa akifanya, na hilo ndilo lililonipunguza nguvu. Kisha akasema, "Mpe simu huyo mzee."

Dereva akavua kofia. Akakaa wima, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaipokea simu yangu kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee," mwanangu akasema. Huyo nilimlea mwenyewe. Hata awe na hasira ya namna gani, shikamoo inatangulia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na familia?"

"Hatujambo. Mzee, mimi nakuheshimu, na sitaki tukoseane adabu kwenye simu. Nina swali moja tu, la mtoto kwa mzazi. Mama yangu utamweka wapi?"

Nilimtazama Dereva mdomoni. Mdomo ule ulinisimulia vituo vyote alivyopitia kazini, abiria aliyeshuka na mbuzi wa mwenzake, usiku wa mvua waliposukuma behewa kwa mikono. Haujawahi kukosa la kusema. Nikasema moyoni, sema chochote, mwanamume wewe. Sema una jumba.

"Kwa kweli, mwanangu," akasema, "sina pa kumweka. Mimi mwenyewe nawekwa."

Mwanangu hakushangilia, lazima niseme haki yake. Aliinamisha macho.

"Pole, mzee."

"Asante, baba."

"Safari njema."

"Na wewe kazi njema."

Wakaagana hivyo, kwa adabu, kama watu waliotoka kuzika. Dereva akanirudishia simu ikiwa imeshazima.

Nikauchukua mkono wangu, nikauweka chini ya blanketi.

"Umekasirika," akasema.

"Mbona umemjibu vile?"

"Ningemjibuje?"

"Ungesema una nyumba."

"Ninayo. Ndani wanakaa wapangaji aliowaweka binti yangu. Nikienda kugonga nitakaribishwa glasi ya maji."

"Ungemdanganya."

"Mtoto wa watu? Kaniamkia vizuri vile?"

"Mwanamume akichumbia hudanganya kidogo. Marehemu alipokuja kwetu alisema ana ng'ombe."

"Alikuwa nao?"

"Alikuwa na kamba."

Akacheka, akashindwa kujizuia, mabega yakamtikisika. Nilitaka nisicheke na nikacheka, na tulipomaliza kucheka hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

"Na nyumba yako wewe?" akauliza. "Si unayo?"

"Imefungwa. Funguo anazo huyo uliyemwambia ukweli."

"Kufuli huvunjwa."

"Tutafikaje? Tiketi ya kurudi kwetu sina, huna. Hata mlango wa kutokea humu ndani siujui. Wewe unaujua?"

Akageuza kichwa huku na huku. Kulikuwa na manukato, saa za mkononi, chokoleti, ngazi zinazopanda zenyewe, na watu wengi waliokuwa wakitembea kwa miguu yao bila hata kufikiri.

"Siujui," akasema.

Akaiweka kofia juu ya goti. Kisha akasema, "Unajua, watu huona dereva wa treni ni mkubwa. Kichwa chote kile cha chuma kiko mikononi mwake. Lakini treni haina usukani, bibie. Huwezi kukata kona ukienda kumsalimia shangazi. Una honi na una breki, basi. Reli kaitandika mtu mwingine."

"Basi ungepiga honi."

"Nimeshapiga. Nimekuambia usiende."

Hapo hasira yote ikaniishia, na ningependa isingeisha, kwa sababu kilichobaki chini yake kilikuwa kizito zaidi. Nikautoa mkono chini ya blanketi. Akaupokea. Ngozi yake ilikuwa ngumu sehemu zile alizoshikia vyuma, na laini pengine pote, kama mkate uliotoka vizuri. Tukakaa hivyo. Mzee wa kiti cha jirani, ambaye hakujua neno moja la lugha yetu, alituangalia, kisha akageuza uso upande wa pili ili kutupa faragha. Sijui kwao ni wapi. Kafundwa vizuri.

Msichana msukumaji akarudi, safari hii na mwenzake, kijana mwanamume mwenye mikono mipana. Kadi zetu zilikuwa mikononi mwao. Mwenzake akaenda moja kwa moja nyuma ya kiti cha Dereva. Msichana alikuja nyuma ya changu, akainama kufungua breki, na hapo akaiona mikono yetu. Akasita. Akaangalia kadi ya huyu, akaangalia kadi ya yule. Akaisemesha simu yake, na ile sauti ya msiba ikatoka.

"Bibi. Huyu mwanamume wa kiti, ni mume wa wewe?"

Dereva alifungua mdomo. Nikamuwahi.

"Ndiyo."

Sijui neno letu lilikuwaje kwa lugha yao. Lilikuwa fupi. Msichana alilisikiliza, akamtazama Dereva, akanitazama mimi, kisha akaongea taratibu na simu.

"Pole sana. Milango yenu ya ndege iko mbali kutoka kila mmoja. Mfumo umewatenganisha."

"Tunajua, mama," nikamwambia. Simu ikamtafsiria na hilo.

Akamwambia mwenzake neno, yule kijana akarudi nyuma, akawa anatufuata. Msichana akashika kiti changu kwa mkono wa kulia na cha Dereva kwa mkono wa kushoto, akaanza kutusukuma wote wawili. Ilikuwa kazi. Viti vile havikutengenezwa kusukumwa kwa mkono mmoja, kila kimoja kilitaka kwenda kwake, mara vinagongana, mara vinaachana, na kila vikiachana mikono yetu ilivutika mpaka bega likauma. Hatukuachia. Watu walitupisha. Tukapita maduka yote, tukapita sakafu inayotembea yenyewe, msichana anahema nyuma yetu kama aliyebeba gunia.

"Umesema ndiyo," Dereva akasema, akitazama mbele.

"Nimesikia nilivyosema."

"Hukusita."

"Mashine ile haikuniuliza dawa ya presha."

Tukafika mahali ambapo njia inagawanyika, mshale mmoja huku na mwingine kule. Msichana akasimama, akafunga breki za viti vyote viwili ingawa sakafu ilikuwa bapa. Akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Akakitafuta kwa muda mrefu, maskini, mfuko wenyewe mdogo.

Nilikuwa na maneno mengi. Mpishi wa watoto wa shule hakosi maneno. Sikupata hata moja lililokuwa na ukubwa wa kutosha.

"Ule vizuri," akasema Dereva. "Usiishi kwa biskuti."

"Na wewe mgongo wako."

"Mgongo ulikuwa wa uongo."

"Basi uuangalie usije ukawa wa kweli."

Akauinua mkono wangu akauweka usoni mwake, kwenye shavu lililonyolewa asubuhi ile kwa ajili yangu, lina mkwaruzo mdogo wa wembe karibu na kidevu. Yule kijana akaja, akafungua breki. Kiti kikaondoka, na mkono wangu ukabaki hewani ukiwa bado na umbo la uso wake.

Nilitaka kugeuka nimtazame. Kiti cha magurudumu kina mgongo mrefu, na blanketi lilikuwa limenibana, na tulikuwa tumeshakata kona. Nilipofanikiwa kuzungusha shingo niliona duka la saa, saa nyingi, kila moja na wakati wake. Gurudumu la kiti chake lilikuwa na mlio. Nililisikia mpaka watu wakawa wengi.

Getini msichana aliniweka mbele kabisa, pembeni ya mlango wa kuingilia ndege. Akachuchumaa mbele yangu, akanipangusa uso kwa karatasi laini bila kuisemesha simu yake, akaondoka. Na ile ya kwangu ikalia. Nikaionyesha uso wangu. Ikanikataa. Nikajipangusa vizuri, nikaionyesha tena, ikafunguka.

"Mama." Safari hii mwanangu alipiga bila picha. "Umeshafika getini?"

"Nimefika."

"Vizuri. Nitakuwepo kukupokea, nimeomba ruhusa kazini. Chumba chako nimekibadilishia godoro." Akakohoa. "Yule mzee... ameshaondoka?"

"Mume wangu ameondoka, ndiyo."

Nikasikia mvua juu ya paa la gari lake, na kifutio cha kioo kikienda na kurudi.

"Mama, mtandao huku mbaya," akasema mwishowe. "Nakusikia vibaya."

"Mimi nakusikia vizuri tu, baba."

Hakujibu, wala hakukata. Nikabaki na simu sikioni nikimsikiliza anavyopumua, mpaka wakaja kunisukuma, kwa sababu wasioweza kutembea ndio wanaotangulia kuingia.